Bei ya Mkuki na Bei ya Farasi

Bao ni mchezo wa heshima, nami sitaki kulivunjia heshima hata kidogo. Lakini katika bao, msomaji, hakuna anunuaye kitu. Kete 64 hugawanywa sawasawa, 32 kwako na 32 kwa mwenzako. Kete moja haina ubora kuliko nyingine. Na mpinzani wako, hata akiwa na haraka namna gani, hukungoja ufikiri ucheze, ndipo naye acheze. Mchezo nitakao kukueleza leo hauna hisani hiyo. Huchezwa katika kompyuta, wala haungoji zamu. Wewe wajenga, naye ajenga saa ile ile. Wewe wapumzika, yeye hapumziki. Tena hukupewa kete. Umepewa watu wachache, nyumba kubwa moja ya mji, na akiba ndogo ya chakula, mbao, dhahabu na mawe, wala huambiwi uitumie vipi. Kila askari ana bei yake, na kila bei uilipayo ni kitu kingine ulichojinyima.

Wajuao historia ya michezo hii huutaja mmoja uitwao Dune II, uliotoka mwaka 1992, kuwa ndio uliowaonyesha wengine njia. Ulifuatwa na mingi, ukiwamo StarCraft wa mwaka 1998, uliopendwa mno katika Korea Kusini hata wachezaji wake hodari wakawa watu wa mshahara. Mimi nitachukua mifano yangu katika Age of Empires II, uliotungwa na kampuni ya Ensemble Studios ya Marekani mwaka 1999 na kutengenezwa upya mwaka 2019, kwa sababu ndio niujuao, na kwa sababu hesabu zake zi wazi kama hesabu za dukani. Mwaka 2015 Wahabeshi na Wamali waliongezwa miongoni mwa mataifa yake, jambo lililonifurahisha. Pamoja nao wakaja Wareno, na mfululizo wa vita uliopewa jina la Francisco de Almeida, yule yule aliyeivamia Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Mtu wa pwani akitaka kuucheza upande huo humbidi ameze mate kwanza.

Elimu hii niliipata kwa watoto wa dada yangu, waliokuja kukaa nami likizo moja ya Aprili. Wa kiume alikuwa kidato cha tatu, wa kike kidato cha kwanza. Kompyuta zao mbili kuukuu waliziweka juu ya meza yangu ya kulia chakula, wakaziunganisha kwa waya, na tangu siku hiyo mimi nikawa nala sebuleni sahani ikiwa magotini. Kijana alipenda farasi. Kila mchezo alinunua wapanda farasi wenye deraya, askari wazuri wa kutazama, na kwa muda wa siku tatu alimshinda mdogo wake bila ya taabu. Siku ya nne akashindwa, na ya tano akashindwa tena. Aliondoka mezani akaja kunishtakia.

"Mjomba," akasema, "amenunua mikuki mitupu. Askari wa hali ya chini kabisa! Mtu hununua punda kwa kuwa hana fedha za farasi, lakini hawezi kusema punda ni bora."

Dada yake akajibu kule kule alikokaa, "Kaka, mimi sikununua punda. Nilinunua mikuki miwili kwa bei ya farasi wako mmoja, na chenji nikabaki nayo."

Niliomba nionyeshwe hesabu, nami nitakuonyesha kama nilivyoonyeshwa. Mpanda farasi mmoja hugharimu chakula 60 na dhahabu 75, jumla 135. Mwenye mkuki hugharimu chakula 35 na mbao 25, jumla 60. Basi wapanda farasi 20 ni mali 2,700, na wenye mikuki 45 ni mali 2,700, wala haizidi hata moja. Sasa wapambanishe mmoja kwa mmoja, mwenye mkuki akiwa amekwisha kupandishwa daraja la pili, na hakuna aliyeongezewa silaha bora. Mpanda farasi ana uhai wa 100, na kila pigo lake huondoa 10. Mwenye mkuki ana uhai wa 55 tu, lakini mkuki wake umewekewa ukali wa pekee juu ya farasi, hata pigo lake moja humwondolea mpanda farasi 24. Farasi atakufa kwa mapigo 5, na mwenye mkuki kwa mapigo 6. Ungedhani mkuki umeshinda. Haukushinda, kwa sababu mpanda farasi hupiga kila baada ya sekunde 1.8 hivi, na mwenye mkuki kila baada ya sekunde 3. Pigo la sita la upanga hufika mapema kuliko pigo la tano la mkuki. Mpanda farasi huondoka hai, ingawa ni hai ya kuchechemea.

Kijana aliposikia hayo alitabasamu. Lakini hesabu haikuishia hapo. Kwa bei ya mpanda farasi huyo mmoja hupati mwenye mkuki mmoja. Wapata wawili, na mali 15 zabaki. Wawili wakimpiga pamoja, mapigo matano yatimia katika sekunde 6 hivi. Katika muda huo yeye amepiga mapigo manne tu, na mapigo manne hayatoshi kumwua hata mmoja wao. Amekufa peke yake, na adui zake wote wawili wanatembea. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba swali la nani amshindaye nani ni swali la watoto wadogo. Swali la mwenye mji ni hili: kwa mali ile ile, ni upande gani utakaobaki na watu wamesimama?

Usidhani hata hivyo kwamba mdogo alikwisha kumaliza mambo. Kaka yake naye hakuwa mjinga. Mchana ule ule aliacha kabisa kupigana na mikuki. Farasi huenda mbio kuliko mtu wa miguu, na huo ni ubora usioonekana katika hesabu ya mapigo. Aliizunguka ile mikuki 45 iliyosimama langoni kwa fahari, akaingia mashambani kwa nyuma, akaanza kuwakata wakulima. Mkulima hufa kwa mapigo matatu. Bei yake ni chakula 50, na humchukua mwenye mji sekunde 25 kumpata mwingine. Lakini hasara yenyewe haimo katika hiyo 50. Imo katika nafaka asizovuna na miti asiyokata tangu dakika ile hata mwisho wa mchezo, yeye na mwenzake aliyekimbia kujificha akaacha jembe. Askari ambaye hakumwua askari hata mmoja, akarudi nyumbani salama baada ya kuwasimamisha wavunaji kumi kazi, amekwisha kurudisha bei yake. Na mkuki uliosimama mahali pasipo na farasi umenunuliwa bure, hata ungekuwa wa bei ya pipi.

Ndiyo kusema askari hana thamani peke yake. Thamani yake imo katika uso wa adui aliye mbele yake. Mtazame mrusha mikuki mifupi, kiumbe dhaifu sana, ambaye mchezaji mgeni hamtaki kabisa. Hugharimu chakula 25 na mbao 35. Mpiga upinde hugharimu mbao 25 na dhahabu 45. Wote wawili wana uhai wa 30. Lakini ngao ya yule wa kwanza imekusudiwa mishale, hata mshale wa mpiga upinde humpunguzia 1 tu, ilhali mkuki wake humpunguzia mpiga upinde 5. Mmoja ahitaji kupiga mara 30, mwenziwe mara 6. Sasa mwondoe mpiga upinde, umlete mpanda farasi: mrusha mikuki yule yule atakufa kwa mapigo matatu, naye ili amwue farasi angehitaji kumtupia mara 100. Hakubadilika yeye. Aliyebadilika ni jirani yake. Kwa hiyo wachezaji wenye busara hutuma mpelelezi kabla ya kufungua mfuko, na asiyepeleleza hununua kwa kubahatisha, kama mtu anunuaye viatu vya mwanawe bila ya kujua mguu wake.

Liko jambo jingine ambalo mimi mwenyewe lilinipendeza kuliko yote. Nimejumlisha chakula, mbao na dhahabu kana kwamba ni kitu kimoja, nawe huenda umeniacha nipite. Si kitu kimoja. Shamba likichoka hulimwa upya kwa mbao, na msitu ni mkubwa. Dhahabu ina mwisho. Kila rundo la dhahabu ardhini lina 800, na kila mpanda farasi hula 75. Rundo zima latoa wapanda farasi kumi, kisha labaki vumbi. Ziko njia za kupata dhahabu nyingine, kama biashara na mshirika au kuhifadhi masalio matakatifu, lakini si kila mchezo utakuwa na mshirika, na masalio huwaniwa na wote. Mapema dhahabu ni ya kutumia. Baadaye ni ya kulilia. Mchezo ukiwa mrefu, pande zote mbili hufika mahali ambapo milima yote imekwisha kuchimbwa, na hapo farasi waliovaa vyuma hawanunuliki tena kwa chochote. Wanaobaki ni wale wasioomba dhahabu: mwenye mkuki, mrusha mikuki mifupi, na mpanda farasi mwepesi wa chakula 80.

Wachezaji huwaita hao askari wa takataka. Jina hili silipendi, na nimekataza lisitumiwe katika meza yangu. Takataka ni kitu kilichobaki baada ya chenye faida kuondolewa. Hawa hufanya kazi chenye faida kinapokwisha. Mwezi wa Julai mwaka 1302, karibu na mji wa Kortrijk ulio katika Ubelgiji ya leo, wafumaji na mafundi wa Flandria walisimama kwa miguu, mikononi wana mikuki na marungu mazito, mbele yao mifereji na ardhi tepetepe, wakawashinda wapanda farasi wa mfalme wa Ufaransa. Farasi mmoja wa vita na vyuma vya bwana wake vilikuwa na thamani ya mali ambayo mfumaji asingeiona maishani mwake. Baada ya vita wafumaji waliokota kwa mamia vile vyuma vya dhahabu ambavyo mabwana huvaa visiginoni kuwachoma farasi, wakavitundika kanisani. Sijui kama mabwana wale walipokuwa hai waliwahi kulitumia neno takataka, lakini nadhani walikuwa na neno lao.

Wingi nao una siri yake. Mwingereza mmoja, Frederick Lanchester, fundi wa magari, aliandika mwaka 1916 kitabu juu ya vita vya ndege, na ndani yake akaonyesha kwamba watu wapiganao kwa silaha za mbali nguvu zao hazikui kwa idadi tu. Hukua kwa kipeo cha pili cha idadi. Tia wapiga upinde 10 mbele ya wapiga upinde 6 walio sawa nao kwa kila hali. Akili ya haraka husema kumi toa sita, watabaki wanne. Kanuni ya Lanchester yasema chukua 100 toa 36, ipatikane 64, na kipeuo chake cha pili ni 8. Watabaki wanane. Kumi hupiga zaidi kuliko sita, na papo hapo kila mmoja wao hupigwa kidogo zaidi. Faida huja mara mbili. Kwa sababu hiyo anayewapeleka askari wake watatu leo na watatu baadaye humpa adui zawadi mbili ndogo. Lakini usiitumie kanuni hii mahali pote. Wenye mikuki hawapigi kwa mbali. Wa safu ya nyuma hutazama tu migongo ya wenzao. Katika njia nyembamba kati ya msitu na ziwa, mikuki 45 si 45 tena, ni ile mitatu au minne iliyo mbele. Na wapiga upinde waliosongamana huombea usitokee mtambo wa kurusha mawe, maana jiwe moja halihesabu vipeo.

Nimeutaja mwaka 1916, na siwezi kuupita hivi hivi. Kanuni za Lanchester zilipokuwa zikichapishwa Uingereza, katika nchi yetu vita vya Waingereza na Wajerumani vilikuwa vikiendelea, na vijijini watu walikuwa wakikusanywa kwa nguvu wawe wapagazi. Mtaa wa Kariokor mjini Nairobi, na Kariakoo ya Dar es Salaam, huchukua majina yao katika Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao, kama midomo ya wazee wetu ilivyolitamka. Walichukuliwa mamia ya maelfu, na katika hao makumi ya maelfu walikufa, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara, malaria, baridi na njaa. Mpagazi alilipwa kidogo kuliko askari. Alilishwa vibaya, na akianguka njiani mzigo ulitiwa kichwani mwa mwingine. Mahali fulani palikuwa na karani na daftari, na katika daftari lile mpagazi alikuwa rahisi.

Babu wa mama yangu alikuwa mmoja wao. Hakurudi, wala hatuna kaburi lake. Mama alikuwa akituonyesha upande wa kusini kwa mkono alipomtaja, kwa kuwa huko ndiko alikoonekana akienda.

Jioni moja, mezani, mpwa wangu wa kike alipeleka wenye mikuki 30 mbele ili wawashughulishe farasi, huku wapiga upinde wake wakipanga safu nyuma. Wote 30 walikufa, naye akashinda. Ilikuwa hesabu nzuri kabisa, nikamwambia hivyo. Kisha nikawasimulia habari za babu wa mama yangu, ambaye kwao ni babu wa bibi yao, kwa sababu niliona wamefika umri wa kuzisikia. Kijana alinyamaza. Binti akaniuliza, "Mjomba, kwani nao walihesabiwa hivi hivi?" Nikamwambia ndiyo, waliwahesabu hivi hivi, na tofauti ni kwamba mwenye mkuki wako hana mama. Akatazama kioo kidogo, akasema, "Basi ni vizuri hawa hawana." Wakaendelea kucheza, nami sikuwazuia, maana sioni ubaya wa kujifunza hesabu kwa vitu visivyo na mama. Ubaya upo, na tumeuona, katika kuwahesabu hivyo walio nao. Utakapokuwa mkubwa, msomaji, huenda ukapewa daftari la jinsi hiyo, la hospitali au la shule au la kiwanda, nawe utahitaji kujua ni hesabu ya aina gani iliyo mbele yako kabla hujashika kalamu.

Turudi katika mchezo, maana bado sijakuambia kosa lifanywalo na watu wengi kuliko kuchagua vibaya, nalo ni kutochagua. Wahenga walisema akiba haiozi. Katika ghala la mchezo huu akiba huoza upesi kuliko samaki. Chakula 800 kilicholala hakipigi mtu wala hakilimi. Kingekuwa wakulima 16, na wakulima wale wangekuwa wamekwisha kuvuna tangu zamani. Mchezaji mgeni hujivunia mali nyingi iliyoandikwa juu ya kioo chake, mpaka adui abishapo hodi akiwa na mali kidogo na watu wengi. Heri askari asiye bora aliyekwisha kufika kuliko bora aliye bado katika fikira zako. Kijana wetu aliteswa sana na jambo hili, kwa kuwa mpenda farasi hungoja dhahabu itimie, na mpenda mikuki hana la kungoja.

Hata hivyo yako mahali ambapo hesabu yote hii hupinduka chini juu. Katika mchezo wa kawaida kila upande hauruhusiwi kupita watu 200, wakulima na askari pamoja. Ukiwa na wakulima 120, nafasi za askari ni 80, basi. Tajiri au maskini, hupati ya 81. Mwenye mkuki huchukua nafasi moja, na mpanda farasi mwenye deraya huchukua nafasi moja vile vile. Mipaka ikifikiwa na ghala likiwa bado lina dhahabu, wala hakuna njia ya kuongeza watu, bei huacha kuwa kipimo. Kipimo huwa ni nafasi. Mwenye 135 na mwenye 60 wamekalia kiti kile kile, na hapo mwenye kiti hutaka kumkalisha aliye na nguvu zaidi, hata kama ni ghali mara mbili.

Likizo ya Agosti walirudi. Siku ya pili nilipita mezani na sahani yangu nikamkuta binti watu wake wametimia 200, ghala limejaa dhahabu, na mazizi yake matatu yamesimama hayana kazi kwa kukosa nafasi. Alikuwa akiwatoa wenye mikuki wake nje ya lango, kumi kumi, kwenda kuvunja ukuta wa kaka yake, na kila kumi walipokwisha, farasi kumi walitoka mazizini. Upande wa pili wa meza kaka yake, ambaye machimbo yake yalikuwa yamekauka, alikuwa akinunua mikuki upesi upesi.